Redio ya gari inaganda ikikutana na faili isilolijua kwenye flashi: chanzo na tiba

#1 Kinyerezi_Mwisho

Wakuu, salaam.

Nina redio ya gari ya kawaida, ile ya kuchomeka flashi kwa mbele. Flashi ni ya GB 16, imejaa zilipendwa, taarabu, kwaya na hotuba. Inapiga vizuri tu, halafu inafika kwenye faili fulani, kioo kinaandika UNSUPPORT na redio nzima inaganda. Kitufe cha kuruka wimbo hakifanyi kazi, cha kuongeza sauti hakifanyi kazi. Nikizima gari na kuwasha tena, inaanza palepale ilipokwama na kuganda upya. Dawa ninayoijua ni kuchomoa flashi, kuihamishia redio FM, ndipo inarudiwa na fahamu.

Kinachonitatiza ni kwamba flashi hiyohiyo nikiichomeka kwenye laptop, programu ya VLC inapiga kila kitu. TV ya nyumbani inaruka mafaili kadhaa kimyakimya na kuendelea na mengine. Na mafaili yote yameandikwa .mp3! Siwezi kusema redio haijui MP3, maana nyingi inazipiga bila shida.

Duka moja la vifaa vya magari wameniambia redio imekufa, ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela nataka kuelewa: shida iko kwenye flashi, kwenye faili, au kwenye redio yenyewe? Wataalamu naombeni msaada.

#2 Mtaa_wa_Pili

Fomati hiyo flashi mkuu, weka nyimbo upya. Flashi ikichoka huwa inafanya hivyo.

#3 Kinyerezi_Mwisho

Ahsante mkuu. Hilo nimeshalifanya, nikahamishia nyimbo kwenye flashi mpya kabisa. Inaganda kwenye nyimbo zilezile.

#4 FundiSauti

Hiyo post #3 ndiyo yenye jibu. Kama flashi imebadilishwa na nyimbo zinazogandisha ni zilezile, flashi muiache, haina kosa. Tuyaangalie mafaili.

Jina la faili na kilichomo ndani ni vitu viwili. Herufi .mp3 mwishoni ni maandishi tu, yeyote anaweza kuyaandika na ndani pasibadilike hata baiti moja. Nyimbo nyingi zinazozunguka mitaani siku hizi zimetolewa YouTube, na YouTube haitoi sauti kwa MP3. Inatoa AAC ndani ya faili la m4a, au Opus ndani ya webm; hizo ni namna nyingine za kubana sauti, tofauti na MP3. Programu ya kupakua iliyotengenezwa kwa uangalifu inaigeuza sauti hiyo iwe MP3 ya kweli. Nyingine haziingii gharama hiyo: zinachukua AAC kama ilivyo na kuibandika jina la .mp3. VLC hailitegemei jina, inafungua faili na kusoma mwanzo wake ili ijue ni kitu gani. Ndiyo maana kwenye laptop huoni tofauti yoyote.

Redio yako inaliamini jina. Ikiona .mp3 inalikabidhi faili moja kwa moja kwa dikoda ya MP3, yaani sehemu ya programu inayoifumbua data iwe sauti. Na hapo ndipo penye utamu wa jambo lenyewe, naomba mnivumilie.

MP3 imekatwakatwa vipande vidogo vinavyoitwa fremu. Kila fremu inaanza na biti 11 mfululizo zenye thamani ya moja. Hiyo ndiyo alama ya dikoda kujua fremu inaanzia hapa. Fremu ya muziki wa 44.1 kHz inabeba sampuli 1152, yaani kama milisekunde 26 za sauti. Kwa wimbo wa kbps 128, fremu moja ni baiti 417 au 418. Dikoda inaona alama, inasoma kichwa cha fremu, inapiga hesabu ya fremu inayofuata iko wapi, inaruka mpaka pale. Wimbo mzima unakwenda hivyo.

Sasa ipe AAC. Inatafuta alama ambayo haimo. Inapekua faili zima, MB tano, MB nane, baiti kwa baiti. Na ndani ya data nyingi kiasi hicho, biti 11 za moja zitajipanga tu kwa bahati mahali fulani. Redio iliyoandikiwa programu nzuri inahakiki: je, fremu ya pili ipo pale hesabu inaposema? Na ya tatu? Isipozikuta, inajua imedanganyika na inaachana na faili. Isiyohakiki inaanza kudikodi takataka. Hapo ndipo mnapata mkwaruzo, au ukimya, au kuganda kama kwa mkuu hapa.

Kuhusu vitufe kutofanya kazi: kwenye redio nyingi za aina hii, chipu moja ndiyo inayosoma flashi, kudikodi sauti na kusikiliza vitufe. Programu yake ikiingia kwenye kazi ya kutafuta fremu bila kuwekewa kikomo, hakuna kitu kingine kinachopata zamu. Redio ipo hai, ila haina nafasi ya kukusikiliza.

Na kurudi palepale baada ya kuwasha gari: redio inaweka kumbukumbu ya namba ya wimbo mara tu inapoufungua, kabla haijajua kama unapigika. Kwa hiyo kila ikiamka inalikumbuka faili baya lilelile. Redio haijafa. Usinunue nyingine bado.

Nipe ushahidi. Chukua faili mojawapo linalogandisha, lifungue kwa Notepad kwenye laptop, uniambie unaona nini kwenye mstari wa kwanza kabisa. Usihifadhi chochote, tazama na ufunge. MP3 ya kweli mara nyingi inaanza na herufi ID3, yaani lebo yenye jina la wimbo na mwimbaji. Ikiwa haina lebo utaona ÿû. Ukiona "ftyp" karibu na mwanzo, hiyo ni familia ya MP4 na m4a. Ukiona "OggS" ni Ogg, mara nyingi Opus au Vorbis. "RIFF" ni WAV au AVI. "fLaC" ni FLAC, aina nyingine ya faili la sauti. Na ukiona neno "webm" au "matroska" muda mfupi baada ya mwanzo, unajua umekutana na nani.

#5 Nyakato

Nafuatilia kwa karibu. Spika ya kwaya yetu nayo ina mambo yake na flashi.

#6 Kinyerezi_Mwisho

Nimerudi wakuu. FundiSauti, Mungu akubariki, mambo ni kama ulivyosema.

Nyimbo zinazopiga: zote nilizofungua zinaanza na ID3.

Zinazogandisha ziko za namna mbili. Nyingi zinaonyesha "ftypdash" mwanzoni kabisa. Chache zinaanza na alama za ajabu Eߣ kisha mbele kidogo nasoma "webm". Zote zimeandikwa .mp3.

Lakini kuna kitu kingine. Nilipowasha kuonyesha mafaili yaliyofichwa, kwenye folda ya kwaya nimekuta kila wimbo una pacha wake anayeanza na nukta na mstari wa chini. Yaani kuna "Wimbo 04.mp3" na kuna "._Wimbo 04.mp3". Hao mapacha wana KB 4 tu kila mmoja. Kwaya hizo aliniwekea shemeji kutoka kompyuta yake ya Mac. Ni virusi?

#7 FundiSauti

Si virusi, mkuu. "ftypdash" ndiyo saini ya sauti ya YouTube iliyochukuliwa kama ilivyo, tulikuwa njia sahihi.

Hao mapacha ni kazi ya Mac. Mfumo wa Mac unahifadhi taarifa za ziada kuhusu faili, kama ikoni, lebo za rangi na mahali lilipotoka. Kwenye diski yake mwenyewe una nafasi rasmi ya kuziweka. Ukinakili kwenda flashi iliyofomatiwa kwa FAT32 au exFAT (mifumo ya kupanga mafaili kwenye flashi), ambayo haina nafasi hiyo, Mac inaziandika kwenye faili la pembeni lenye jina lilelile likitanguliwa na ._ Ndani hakuna sauti hata chembe. Windows inayaficha, hivyo mtu hayaoni, lakini redio haijali kufichwa: inaorodhesha kila kinachoishia na .mp3. Ndiyo maana pia redio inazihesabu nyimbo za folda hiyo mara mbili ya zile unazozijua. Angalia kioo kinaposoma jumla, utaona.

Kuyaondoa ukiwa kwenye Windows: fungua Command Prompt, andika herufi ya flashi, mfano E: kisha ingiza

`del /s /a:h ._*`

Hakikisha uko kwenye flashi na si kwenye diski ya kompyuta kabla ya kubonyeza. Shemeji naye akiwa kwenye Mac, akishamaliza kunakili aingie Terminal na kuandika `dot_clean -m /Volumes/JINA_LA_FLASHI` kabla hajaichomoa.

#8 Pikipiki_Nyeusi

Mbona mnazunguka sana. Faili likiwa m4a badilisha jina liwe mp3, mimi kwenye simu nafanya hivyo kila siku na linapiga.

#9 Msimbo

Ndugu, kwenye simu linapiga kwa sababu simu inasoma kilichomo ndani na ina dikoda ya AAC tayari. Hujaligeuza, umelibadilishia jina tu. Ukilipeleka kwenye gari la mwenzako ndipo linapozaa hili tunalolijadili hapa.

Ila kubadilisha jina kunasaidia kwa upande wa pili, na hili halisemwi vya kutosha: mrudishie faili jina lake la kweli. Lile lenye "ftypdash" liite .m4a, lile la webm liite .webm. Redio nyingi huchuja orodha kwa kutazama mwisho wa jina. Ikiwa redio inajua AAC, italipiga .m4a vizuri. Ikiwa haijui, haitaliweka kwenye orodha kabisa, na haitaganda. Kwa mtu asiye na kompyuta hapo alipo, hiyo ni huduma ya kwanza ya dakika mbili kwa kutumia simu.

Kama unatumia Windows, kwanza washa kuonyesha mwisho wa majina: kwenye File Explorer ingia View, weka tiki kwenye "File name extensions". Bila hivyo unaweza kuandika .m4a ukapata faili linaloitwa wimbo.m4a.mp3 bila kuliona.

#10 Kinyerezi_Mwisho

Hili la kurudisha jina la kweli nimelijaribu kwenye folda moja. Redio haioni tena zile nyimbo, na haigandi! Maana yake redio yangu haijui AAC. Sasa nazitaka zile nyimbo, zimo ambazo sitazipata tena kirahisi. Nazigeuzaje?

#11 Msimbo

FFmpeg. Ni programu ya bure, ilianzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000, na sehemu kubwa ya programu za kugeuza video na sauti unazoziona zimeivaa tu kwa ndani. Inafanya kazi kwa kuandika amri, usiogope.

Weka nyimbo mbaya peke yake kwenye folda moja ya kompyuta, si kwenye flashi. Ndani yake tengeneza folda iitwe safi. Fungua Command Prompt humo na uandike:

`for %a in (*.m4a *.webm) do ffmpeg -i "%a" -vn -c:a libmp3lame -b:a 192k -ar 44100 -id3v2_version 3 "safi\%~na.mp3"`

Maelezo ya yale yenye maana. `-vn` inaondoa picha, kwa sababu jalada la albamu likiwa ndani ya faili, FFmpeg inalihesabu kama video. `-b:a 192k` inatosha. Chanzo cha YouTube huwa ni kbps 128 hivi za AAC, ukiandika 320k utajaza flashi bila sauti kuongezeka uzuri. `-id3v2_version 3` ni kwa ajili ya redio: FFmpeg isipoambiwa inaandika lebo za toleo la 2.4, na redio nyingi za zamani zinaelewa 2.3.

Onyo moja ninalolisema kwa msisitizo: usizipitishe humo zile MP3 za kweli ambazo zinapiga. Kila ukigeuza kutoka fomati yenye upotevu (inayotupa sehemu ya sauti ili faili liwe dogo) kwenda nyingine yenye upotevu, sauti inapungua ubora na haitarudi. Geuza zile tu zinazohitaji.

Asiyependa kuandika amri, VLC ina sehemu ya kugeuza. Bonyeza Ctrl+R, weka mafaili, chagua wasifu wa MP3. Ni polepole kwa mafaili mengi lakini inafanya kazi. Na VLC hiyohiyo, wimbo ukiwa unapigwa, Ctrl+J inakuonyesha kodeki halisi (namna sauti ilivyobanwa), hakuna haja ya Notepad.

#12 Kijana_wa_Tudor

Salaam aleikum wadau. Mie niko Mombasa, nami nina jambo la namna hii. Nakusanya darsa na mawaidha, mengi yatumwa kwa WhatsApp, na mengine ni ya kaseti za zamani ambazo mzee mmoja alizitia kwenye kompyuta. Nikitia kwenye flashi, ya WhatsApp redio haiyaoni kabisa. Ya kaseti yaonekana, yaandikwa mp3 na Ctrl+J yasema ni MP3 kweli, lakini redio yaandika haiwezi. Hapa vipi?

#13 FundiSauti

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Ni mambo mawili tofauti.

Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni Opus ndani ya Ogg. Opus ilisanifiwa rasmi mwaka 2012, ni nzuri sana kwa sauti ya mtu kwenye mtandao hafifu, na ndiyo maana inatumika. Redio za flashi za bei ya chini karibu zote haziijui. Geuza, na kwa mawaidha huna haja ya ubora wa muziki:

`for %a in (*.opus *.ogg) do ffmpeg -i "%a" -ac 1 -ar 44100 -c:a libmp3lame -b:a 64k "safi\%~na.mp3"`

Chaneli moja, kbps 64. Darsa la saa nzima halizidi MB 29 na sauti ya mtu inasikika safi.

Hayo ya kaseti, hebu tazama tena Ctrl+J kwenye mstari wa kiwango cha sampuli. Nahisi utakuta 11025 Hz au 8000 Hz.

#14 Kijana_wa_Tudor

11025 Hz, barabara.

#15 FundiSauti

Basi hapo ndipo. MP3 ya asili, ile ya kiwango cha MPEG-1, ina viwango vitatu tu: 32, 44.1 na 48 kHz. MPEG-2 ikaongeza 16, 22.05 na 24. Hivyo vya chini zaidi, 8, 11.025 na 12, vinaitwa MPEG-2.5, na havikuwahi kuwa sehemu ya kiwango rasmi. Ni nyongeza ya Fraunhofer, taasisi ya Ujerumani iliyoshiriki kuibuni MP3. Zamani watu walivipenda kwa hotuba ili kubana nafasi. Jina ni sahihi, kodeki ni sahihi, lakini dikoda ya redio imeandikwa kwa viwango vya juu tu.

Amri ni ileile ya juu, badilisha *.opus *.ogg uweke *.mp3. `-ar 44100` ndiyo inayotibu. Hapa kugeuza MP3 kwenda MP3 hakuepukiki, ila tunza mafaili ya asili mahali salama. Sauti za wazee kwenye kaseti ni amana, nakala ya redio iwe ni nakala tu.

#16 Dada_wa_Sinza

Naomba kuingilia kaka zangu. Yangu si redio ni TV. Video ya harusi ya mdogo wangu ilichukuliwa kwa iPhone, TV inatoa sauti bila picha. Na kuna filamu moja ya mkv, hiyo picha ipo sauti hakuna. VLC kwenye laptop zote safi.

#17 Msimbo

Dada, karibu. Faili la video ni bahasha: MP4, MKV, MOV na AVI ni aina za bahasha, na ndani mna barua mbili, ya picha na ya sauti, kila moja imeandikwa kwa kodeki yake. TV inaweza kuifungua bahasha, ikaweza kusoma barua moja na kushindwa nyingine. Ndicho unachokiona.

Ya harusi: iPhone tangu iOS 11 ya mwaka 2017 zinarekodi kwa HEVC, kodeki ya mwaka 2013. TV ya zamani inajua H.264 ya mwaka 2003 na kuishia hapo. Hapa lazima picha igeuzwe:

`ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -crf 20 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k harusi.mp4`

Itachukua muda, iache laptop ikiwa kwenye umeme. Kwa siku zijazo, kwenye iPhone yenyewe ingia Settings, Camera, Formats, chagua "Most Compatible", itarekodi H.264.

Filamu yenye picha bila sauti: karibu hakika sauti yake ni DTS, kodeki ya sauti za sinema. TV nyingi hazina leseni yake. Samsung kwa mfano waliiacha kuanzia modeli za 2018. Hapa picha usiiguse, badilisha sauti tu:

`ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -c:a ac3 -b:a 448k filamu_mpya.mkv`

`-c:v copy` inaibeba picha kama ilivyo bila kuisindika upya, kwa hiyo kazi inaisha haraka na ubora wa picha haushuki hata kidogo.

#18 Dada_wa_Sinza

Filamu imekaa sawa. Harusi nimeiacha inasaga. Ahsante sana kaka.

#19 Mtaa_wa_Pili

Nimejifunza mengi. Lakini swali langu ni la haki: kwa nini mtumiaji ndiye ahangaike na amri zote hizi? Mafaili mabaya yapo na yatakuwepo. Kifaa kinachouzwa dukani kingepaswa kuyamudu.

#20 Msimbo

Naunga mkono kwa asilimia zote, na nalisema kama mtu anayeandika programu kwa riziki yake. Kutojua kodeki si kosa. Leseni zina gharama, chipu ina mipaka, hakuna kifaa kinachojua kila kitu. Kosa ni kuganda.

Tazameni TV ya mkuu mwenye uzi: nayo haijui webm yenye jina la mp3, lakini inaliruka na kuendelea. Tofauti haiko kwenye bei ya chipu, iko kwenye mistari michache ya programu. Soma baiti za mwanzo kabla ya kuamua dikoda. Weka kikomo: kama umepekua KB kadhaa bila kuona fremu mbili zinazofuatana, acha. Usiandike kumbukumbu ya wimbo wa mwisho mpaka sekunde chache za sauti zitoke kweli. Likikwama faili moja nenda la pili, na kama folda nzima haipigiki simama na useme hivyo, usizunguke milele. Na vitufe visikilizwe hata dikoda ikiwa kazini. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji kifaa cha ziada.

Dereva aliye barabarani usiku, redio ikiganda na kupiga mkwaruzo kwa sauti ya juu na kitufe cha sauti hakijibu, anaondoa macho barabarani. Hilo ni jambo la usalama, watengenezaji walichukulie hivyo.

Mnaponunua, jaribuni dukani. Beba flashi yenye nyimbo tatu nzuri, katikati weka faili moja la maandishi ulilolipa jina la .mp3. Redio ikiliruka, ni ya kuaminika. Ikiganda, rudisha kwenye kaunta na uchague nyingine.

#21 FundiSauti

Jaribio hilo la faili la maandishi nalichukua, nitalitumia kwa wateja wangu.

#22 Kinyerezi_Mwisho

Wakuu, mrejesho. Nimegeuza zote za m4a na webm, nimefuta mapacha wa Mac, nimerudisha kwenye flashi. Nimeendesha kwenda Chalinze na kurudi, redio inapita folda baada ya folda bila kukwama. Na jumla ya nyimbo kwenye kioo sasa inalingana na ninayoijua.

Imebaki moja. Kwaya moja ya albamu mpya, Notepad inaonyesha ID3, Ctrl+J inasema MP3, 44100 Hz, kbps 320. Kila kitu sahihi. Redio inaduwaa kama nusu dakika hivi kisha inaiacha. Faili lina MB 14 na wimbo ni wa dakika nne.

#23 Msimbo

Piga hesabu: kbps 320 kwa dakika nne ni MB 9.6. Una MB zaidi ya nne ambazo si sauti. Hiyo ni picha ya jalada, imewekwa kwa ukubwa wa kuchapisha bango. Lebo ya ID3v2 inakaa mwanzoni mwa faili, kwa hiyo redio inalazimika kuipita picha nzima kabla ya kukutana na fremu ya kwanza. Nyingine zinajaribu kuisoma yote na kumbukumbu yao haitoshi.

Ondoa picha, sauti usiiguse:

`ffmpeg -i kwaya.mp3 -vn -c:a copy -id3v2_version 3 kwaya_safi.mp3`

#24 Kinyerezi_Mwisho

Imepiga papo hapo! Faili limeshuka hadi MB 9.6 kama ulivyosema. Nawashukuru nyote kwa dhati, hela ya redio imebaki mfukoni.

#25 Nyakato

Hongera mkuu. Sasa na mimi: spika ya kwaya yetu Mwanza haigandi, ila flashi mpya ya GB 64 haiioni kabisa. Flashi ya zamani ya GB 8 inaiona. Nyimbo ni zilezile, MP3 za kweli, nimezihakiki kwa Ctrl+J.

#26 FundiSauti

Hapo shida imehama kutoka kwenye faili. Flashi za GB 64 zinatoka kiwandani zikiwa na exFAT, mfumo ambao Microsoft waliuleta mwaka 2006. Spika za aina hiyo zinajua FAT32 tu. Kwa miaka mingi dirisha la kawaida la Windows halikukubali kufomati FAT32 kwenye flashi inayozidi GB 32, kwa hiyo tumia programu ya Rufus: chagua flashi yako, kwenye aina ya buti chagua isiyo na buti, kisha FAT32. Kila kilichomo kitafutika, nakili nyimbo pembeni kwanza. FAT32 haibebi faili moja linalofikia GB 4, lakini kwa nyimbo hilo halikuhusu.

Ikikushinda, chukua tu flashi ya GB 32. Kawaida huja ikiwa FAT32 tayari, na kwa kwaya inatosha sana.

#27 Nyakato

Nimekuelewa fundi. Ya GB 32 ipo kwa katibu wa kwaya, naiandaa Jumamosi kabla ya mazoezi.

#28 Dada_wa_Sinza

Harusi imemaliza kugeuzwa, TV inaonyesha picha na sauti. Rangi tu zimefifia kidogo ukilinganisha na kwenye simu. Ni kawaida?

#29 Msimbo

Dada, simu yenyewe ni iPhone 12 au mpya zaidi? Hizo hurekodi HDR, yaani picha yenye mwanga na rangi pana kuliko kawaida, na amri niliyokupa haikuzigeuza rangi za HDR ziwe za kawaida. Tumia HandBrake, ni ya bure na ina vitufe badala ya amri: ingia sehemu ya Filters, tafuta Colourspace na uchague BT.709, kisha kodeki weka H.264. Faili la asili usilifute.

#30 Dada_wa_Sinza

Ni 13. Naipakua sasa hivi.